Bibi wa Mabomu Yote

Natangaza, kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Wizara ya Uzito wa Taifa, kwamba Jamhuri yetu sasa ina uzito. Zamani tulikuwa wepesi. Tulikuwa na bendera, tulikuwa na wimbo, tulikuwa na timu ya mpira inayofungwa kwa nidhamu, lakini kitu kizito cha kumdondoshea mtu kichwani hatukuwa nacho. Wizara ikaona kwamba taifa lisilo na kitu cha kudondosha ni kama nyumba isiyo na kinu: wamo ndani, wanakula, lakini jirani hawasikii kishindo.

Mimi naitwa Bi Kazija. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikafaulu, nafasi akapewa mtoto wa mwalimu mkuu. Hapa Guangzhou, Uchina, nilikuja kulea watoto wa mwanangu Murshid, anayewasafirishia wafanyabiashara mizigo, na wajukuu walipoanza shule nikafungua jiko langu ghorofa ya nane. Anayetoka soko la Shisanhang na mabegi ya nguo, anayerudi viwanda vya Xintang na vumbi la jinzi puani, wote hula kwangu. Lakini hayo ni ya zamani. Sasa mimi ni Mshauri wa Ubibi katika Tume ya Bomu Zito. Nina kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kwenye picha nimefumba macho, na Tume ilisema hiyo ndiyo sura ya ushauri inayotakiwa.

Nieleze nilivyoteuliwa, maana wapo wenye kijicho wanaosema nilihonga kwa pilau.

Walipanda wageni wawili siku ya Jumanne. Wa kwanza Brigedia Msabaha, mwenyekiti wa Tume, mtu wa kifua, aliyepanda ngazi zote kwa sababu lifti haikumpigia saluti. Wa pili Dakta Medard, Mkurugenzi wa Idara ya Vitu vya Kudondosha, mwembamba, mwenye miwani na mkoba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmefuata jinzi au simu?"

"Tumefuata bomu," akasema Brigedia.

"Basi kaeni. Bomu halitaki tumbo tupu."

Wakala. Walipofika kwenye kachumbari Dakta Medard akanieleza elimu yenyewe, na ili nielewe akatumia chupa yangu ya pilipili.

"Bibi, Waingereza kwenye vita vya Hitla waliunda bomu la ndege la tani kumi. Hilo halikugonga nyumba. Lilichimba ardhi kwanza, likaingia chini kabisa, ndipo likalipuka, na daraja lililokuwa juu likakosa pa kusimama." Akaichomeka chupa ndani ya wali wangu. "Wakaja Wamarekani. Kule Vietnam walikuwa wanasukuma bomu zito kwa mlango wa nyuma wa ndege ya mizigo, linafyeka msitu, helikopta zinapata pa kutua."

"Walikosa panga?"

"Panga ni teknolojia duni, Bibi. Baadaye wakaunda jingine, wakaliita Mama wa Mabomu Yote, wakaliangusha Afghanistan kwenye mapango. Na kabla ya hapo Warusi walishasema wao wanaye Baba."

"Mama yupo, baba yupo," nikasema.

"Na bibi hayupo!" Brigedia akapiga meza, sahani zikaruka. "Hapo ndipo tulipoingia sisi! Jamhuri yetu inaunda Bibi wa Mabomu Yote!"

Kwanza sikuelewa kwa nini kitu kama hicho kipewe jina la mwanamke. Nikafikiri, nikaona hekima ya wakubwa. Kinachoua watu wengi kwa mpigo mmoja lazima kiitwe kwa jina la mtu aliyezoea kuwazaa mmoja mmoja, hesabu isije ikapotea.

"Na waliokuwa chini?" nikauliza.

"Chini wapi?"

"Chini ya hayo yote uliyoyataja."

Dakta Medard akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hiyo ni idara nyingine, Bibi. Bado haijafunguliwa. Inasubiri viti."

Basi, kwa kuwa silaha yenye jina la ukoo haiwezi kuundwa bila mwenye ukoo kushirikishwa, ilitakiwa bibi halisi, mwenye wajukuu, anayepatikana Guangzhou bila nauli. Wamarekani hawakumuuliza mama yeyote, na Wizara yetu inalihesabu hilo kuwa udhaifu wao. Niliteuliwa kabla sijaondoa sahani.

"Na litadondoka wapi?" nikauliza, maana mshauri lazima ajue.

Dakta Medard akakunjua ramani, akaweka kidole mahali peupe. "Hapa hapana kitu. Mapango ya Kiwambo."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Nikaliweka chini polepole.

Kiwambo nimezaliwa mimi. Kiwambo yupo dada yangu Mwatima, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba, na wajukuu zake, na majirani, na mbuzi wanaojifanya majirani. Wamekaa mbele ya yale mapango tangu enzi za mababu, na mwaka juzi walipoambiwa wapishe machimbo ya chokaa ya mkubwa mmoja walisema hapana, kwa adabu, mara tatu. Tangu siku hiyo Jamhuri iko vitani na Kiwambo. Kiwambo bado hawajaambiwa.

"Mbona pana watu," nikasema.

"Wapo," akasema Brigedia, "lakini wanakaa kwa makusudi."

Walipoondoka nikampigia Mwatima.

"Dada, hameni."

"Tuhamie wapi? Mbuzi amezaa."

"Wanaleta bomu. Kubwa."

"Kubwa kama nini?"

"Kama mimi. Wameliita Bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kazija, wewe tangu udogo unapenda kusifiwa. Waambie waje, wakija tutawapikia."

Hakuna kazi ngumu kama kumweleza Mwatima. Nikakata simu, nikalia kidogo juu ya vitunguu ili mwanangu asiulize, kisha nikaamua: nitabaki ndani ya Tume. Aliye nje ya jiko hajui chungu kinatokota nini.

Kiwanda tulikipata mbele ya Xintang, ukishayapita maghala ya jinzi. Wanatengeneza matangi ya maji ya faibaglasi na pomboo wa kupamba mabwawa ya watoto. Mwenyewe ni mama mmoja mfupi, Madam Liang, nasi tulimwita laoban kama wanavyoitwa wenye viwanda wote hapa, wawe wanaume au wanawake. Mabomu hapa huyapati kwa kugonga mlango, kwa hiyo Tume ilimwambia ni pambo la gwaride. Yeye angeunda ganda tu. Kujaza kungefanyika nyumbani, kwa baruti ya machimbo, na kudondosha kungefanywa na ndege yetu ya mizigo iliyokuwa ikibeba minofu ya samaki, ambayo ina mlango wa nyuma kama ule wa Vietnam, ila wa kwetu haufungi.

Madam Liang akautazama mchoro kwa muda mrefu. Akazungumza, na Murshid akatafsiri.

"Anauliza, mbona pambo lina mkia?"

"Mwambie ni urembo," akasema Dakta Medard.

Mama yule akaendelea kuzungumza, safari hii bila kututazama. Murshid akasikiliza, akakuna kichwa. "Anasema nyanya yake alikuwa msichana mdogo hapa hapa Guangzhou, Wajapani walipokuja na ndege. Alikuwa amempeleka mdogo wake kununua maharage. Vitu vyenye mkia kama huu vikaanguka. Alirudi nyumbani na maharage."

Mashine nilizisikia zimetulia, ingawa labda ni masikio yangu.

"Mwambie Jamhuri inampa pole," akasema Brigedia. "Na mkia uongezwe kidogo urefu."

Ganda lilipokamilika pakatokea tatizo la kitaalamu. Lilikuwa jepesi. Vijana wachache wa kiwanda walilinyanyua huku wanavuta sigara. Brigedia akapauka. Wizara ya Uzito ingetangazaje kitu kinachonyanyuliwa na watu wanaovuta sigara? Ushindi ulipatikana ofisini kwa mwanangu. Kwa kuwa meli za bandari ya Nansha zingechelewesha sherehe za Uhuru nyumbani, ganda lingekwenda kwa ndege, na mizigo ya ndege, anayeleta godoro au maua ya plastiki anajua, kama ni mikubwa na myepesi haihesabiwi kwa mizani. Inapimwa urefu, upana na kimo, na unaambiwa ina uzito wa kiasi kadhaa hata kama unaweza kuipuliza ikaondoka.

"Uzito wa ujazo," Murshid akamweleza Dakta Medard.

Dakta akamkumbatia. Siku ile ile ikatangazwa kwamba Jamhuri imeunda bomu la tani kumi na mbili, kubwa kuliko la Mwingereza, na mtangazaji wa redio ya taifa akasoma huku anavuta pumzi kama amelibeba yeye.

Jioni nikamuuliza mwanangu, "Kwa hiyo ni uongo? Halitadhuru?"

"Mama, hata likijazwa tani mbili tu, Kiwambo tani mbili zinatosha."

Usidhani Tume ilikuwa imekaa bure. Ilikutana siku nzima kujadili mavazi ya bomu. Brigedia alisema bibi hatembei kichwa wazi, kwa hiyo livishwe kanga, na kanga lazima iwe na jina. Dakta Medard akapendekeza jina refu lenye neno "uendelevu." Likakataliwa kwa kuwa halikuenea upande mmoja. Mwisho wakapitisha "NAKUJA MSIPONIITA," wakaniomba nipige kura, nikapiga, maana kwa kweli lilikuwa limesema yote.

Sherehe ya kulizindua ilifanyika uani kwa Madam Liang, Ijumaa baada ya sala. Wafanyabiashara wetu waliletwa kwa mabasi wakiwa wameahidiwa chakula. Simu ziliwekwa juu ya vijiti kurusha mambo moja kwa moja mpaka nyumbani, na nyumbani, nilivyoambiwa baadaye, skrini zilitundikwa hadi makao makuu ya wilaya. Brigedia alihutubia. Alisema taifa jepesi hupeperushwa. Alisema amani huletwa kwa uzito. Halafu akaliegemea lile bomu kwa kiwiko, kama mtu anavyoegemea gari lake jipya, akasema, "Sasa namkaribisha mwenye jina, Bibi yetu, alibariki."

Nikasogea. Nikamfikiria Mwatima na yule mbuzi.

"Wanangu," nikasema, "kwetu bibi habariki kitu bila kutega."

Uwanja ukachangamka. Watu waliokuwa wanatafuta kivuli wakarudi.

"Tega, Bibi!" akasema Brigedia. "Mimi kwenye vitendawili sishindwi. Nilikuwa kiranja."

"Kitendawili!"

"Tega!" uwanja mzima ukaitikia.

"Mgeni wangu huvunja nyumba kwanza, ndipo abishe hodi."

"Polisi!" akapiga kelele mtu wa nyuma, watu wakaangua kicheko.

"Shemeji yangu!" akasema Nelly, mwuza jinzi, "na akishabisha anauliza mmepika nini!"

Brigedia akanyoosha mkono kuwatuliza. Mkono mwingine bado ulikuwa juu ya bomu, unalipapasa. "Tetemeko la ardhi."

"Hapana."

"Mafuriko."

"Mafuriko huanza kwa kunong'ona, mwanangu. Hapana."

Dakta Medard akamnong'oneza, Brigedia akasema, "Mfumuko wa bei," uwanja ukazomea kwa heshima. Jasho likamtoka. Akaipangusa mikono kwenye ile kanga iliyovaliwa na jibu.

"Umeshindwa, mwanangu," nikasema. "Nipe mji."

"Mpe mji! Mpe mji!" wakaimba watu, hata ambao hawajategewa kitendawili tangu wang'oe meno ya utoto, na Wachina wa kiwandani wakapiga makofi kwa kufuata mdundo.

"Chukua London," akasema Brigedia, akicheka.

"London si yako. Nikifika mlangoni watanirudisha. Nipe ulio mkononi mwako."

"Chukua Bandari Kuu."

"Ina foleni. Sitaki."

"Ala! Bibi huyu mchaguzi!" Akatafuta kichwani kitu asichokihitaji, kitu ambacho hakimpotezei chochote, nami nikamwona anakipata. "Haya, chukua Kiwambo! Kiwambo yote, na mapango yake, na popo wake! Na neno la Brigedia halirudi nyuma!"

"Nimepokea," nikasema. "Nimekwenda Kiwambo, nimekaa Kiwambo, nimekula muhogo wa Kiwambo, na wenyeji wa Kiwambo wameniambia: mgeni huyo ni bomu. Likishakuvunja ndipo unasikia mlio wake, kama bado una la kusikilizia."

Watu wote wakamtazama Brigedia, wakakitazama kiwiko chake, wakakitazama alichokiegemea. Nelly ndiye aliyeanza kucheka. Wa pili, nilishangaa, alikuwa Madam Liang, na hakuwa ametafsiriwa neno.

Usiku ule picha ya Brigedia na kiwiko chake ilizunguka nchi nzima. Watoto waliimba njiani, "Brigedia, umeegemea nini?" Wizara ikakutana kwa dharura. Njia zilikuwa mbili tu: kukiri kwamba Brigedia kashindwa na bibi wa darasa la saba, kwa kitendawili ambacho jibu lake alikuwa amelikumbatia, au kusema kwamba alikusudia. Wizara haijawahi kukiri. Asubuhi ukatangazwa Mpango wa Taifa wa Kukabidhi Miji kwa Mabibi, wa kwanza duniani, uliozinduliwa kwa ubunifu mkubwa na Brigedia Msabaha kutokea Guangzhou. Mji uliotolewa kwa kitendawili haurudi kwa serikali, na haudondoshewi kitu. Brigedia akapewa nishani kwa simu.

Mwatima akanipigia.

"Nasikia umepewa kijiji chetu."

"Nimepewa, dada."

"Walikuja wale wa machimbo na katapila. Nikawaambia mwenyewe yuko Uchina, anauza pilau, wakamwombe. Wakageuza. Kumbe lile bomu lilikuwa la kweli?"

"La kweli."

"Na mimi nikacheka," akasema.

"Cheka tu, dada yangu. Cheka mpaka ukohoe."

Ningeweza kuishia hapo, lakini nisingekuwa mtumishi mwaminifu wa Tume, maana mafanikio makubwa yalikuja baadaye. Wakuu wa wilaya waliposikia kuna Mpango, na Mpango una nishani, hawakulala. Kila mmoja alitafuta mabibi, akawapanga uwanjani, akasema, "Nitegeni!" Mmoja alishindwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kunywa maji, akatoa tarafa zote na stendi ya mabasi. Mwingine kwa bahati mbaya alipata jibu, akahamishwa. Uwanja wa ndege akapewa bibi anayeuza karanga getini. Ndege anaziruhusu, isipokuwa saa anapoanika mpunga kwenye njia ya kurukia. Bahari, na eneo lake lote la kiuchumi, ilichukuliwa na bibi mwuza kamba. Ikulu yenyewe ilikwenda mapema sana: mama mkwe wa Mtukufu aliingia na kitendawili wakati wa chai.

Sasa upande wa pili. Wakati haya yanafanyika ganda lilikuwa limeshafika nyumbani, na wajazaji, ambao hawakuambiwa kitu kwa kuwa ni siri, walikuwa wamelijaza. Baruti ile ya machimbo ikikaa kwenye joto huanza kutoa jasho, na ikishatoa jasho haina subira. Kulimwaga haikuwezekana. Kujaza kulikuwa na posho na semina. Kumwaga hakukuwekewa posho, kwa hiyo taifa halikuwa na mtaalamu wa kumwaga. Kuahirisha pia haikuwezekana, maana mabalozi walishaalikwa Sikukuu ya Uhuru kuja kusikia uzito wetu. Ilitakiwa ardhi ambayo haijatolewa kwa bibi yeyote.

Ramani ikakunjuliwa. Dakta Medard alitafuta kwa kioo cha kukuzia. Palikuwa pamebaki mahali pamoja: Mtaa wa Upepo Mwanana, kilimani, wanakoishi wakubwa wa Wizara, majumba ya ghorofa, nyasi za kumwagiliwa, mbwa wenye daktari wao. Mtaa ule haukuwa na bibi hata mmoja wa kutega. Wakubwa walipohamia pale waliwarudisha mama zao vijijini, kwa kuwa wanapiga miayo mbele ya wageni.

Familia zilihamishwa mapema, kwa magari ya serikali, na mbwa wao. Nyumba haihamishiki. Na nyumba ya kwanza pale juu, yenye nguzo nne na sakafu ya marumaru aliyoichagua mwenyewe hapa Guangzhou tangu mwaka jana, ni ya Brigedia Msabaha.

Alikuja kwangu saa sita mchana, yeye na Dakta Medard tu. Hakuwa na kofia. Alikuwa amepanda kwa lifti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa, ule."

"Sili, Bibi." Akavuta kiti karibu na jiko. "Nimeuliza kwa Waziri. Mshauri wa Ubibi ana mamlaka ya kutega mahali popote pasipo na bibi. Nakuomba unitegee. Nataka nishindwe."

"Kwa ajili ya Upepo Mwanana?"

"Nishindwe tu, nikupe mtaa, uwe wako, wasiudondoshee. Nimejenga miaka yote, Bibi. Kila kigae nimekichagua mwenyewe."

Dakta Medard akaweka simu mezani, juu ya kitambaa changu cha maua. Upande wa pili Wizara nzima ilikuwa inasikiliza, kama mashahidi, maana tisa kati yao ni majirani zake. Nikasikia mtu anasema, "Bibi, tega kigumu tafadhali."

"Ninachotega ni changu," nikawaambia. "Kazi yake yeye ni kushindwa, na hiyo anaiweza."

Nilimtazama. Mtu mzima, macho mekundu, mikono katikati ya magoti kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikamwonea huruma. Wanangu wote ni wanangu, hata wapumbavu. Nikasema nisimsumbue mtu mwenye shida kwa kumtafutia maneno ya ndani. Nikachukua kile tunachowatega watoto wa chekechea wakati uji haujapoa.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nyumba yangu haina mlango."

Nikauona uso wake unabadilika. Nimelea, najua sura ya mtoto aliyejua jibu. Kwanza nyusi zilipanda. Kisha kifua kikajaa. Mgongo ukanyooka, kidole cha shahada kikainuka juu kama yuko darasani dawati la mbele, na kabla Dakta Medard hajamwahi mdomo, Brigedia Msabaha alikuwa ameshasimama.

"YAI!"

Dakta Medard akapiga makofi mawili; la tatu likamfia mkononi. Kwenye simu Wizara nayo ilishangilia, mtu akapiga mbinja, kisha sauti zikaanza kupungua moja moja, mpaka nikabaki nasikia feni ya ofisi yao inazunguka.

Brigedia alikuwa bado anatabasamu. Akanigeukia, kidole kiko juu, anasubiri.

Nikampakulia nyama ya juu, kwa kuwa haki ya mshindi ni haki yake.

"Umepata, mwanangu," nikamwambia. "Baki na mji wako."